Salamu Iliyokwama Chooni

Fundi Kimya alikuwa amepiga magoti katika choo cha watu, spana mkononi, simu ilipolia mfukoni. Ililia kengele kavu, maana hakuwa mtu wa kuweka kaswida kwenye simu inayoingia naye chooni. Akaitoa, akatazama kioo, na moyo ukamruka. Aliyepiga alikuwa mzee mwenye duka la mazulia, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Zulia. Wiki iliyopita mzee huyo alituma posa ya mwanawe kwa binti wa fundi. Yeye mwenyewe alikuwa safarini kununua mali, kwa hiyo posa ilipelekwa na mdogo wake, na wazazi wawili hawa walikuwa bado hawajaonana uso kwa uso. Sasa alikuwa amerudi, na alikuwa anapiga kuchukua jibu. Jibu lilikuwa tayari, ndiyo ya moyo mweupe. Kilichobaki ni kulitamka tu.

Na hapo kwenye kutamka ndipo palipokuwa na kazi. Fundi bomba huyu hakufungua kinywa chooni, hata kidogo. Kutaja jina la Mungu mahali pale aliona ni utovu wa adabu, na kujibu salamu ni kulitaja. Mtu aliyemfundisha kazi alimwambia ulimi ubaki mlangoni pamoja na viatu, naye akalishika agizo hilo kwa mikono miwili mpaka akalipitiliza: hata "naam" au "nani mwenzangu" hakusema. Wateja wake walimzoea. Simu ikiita huibonyeza, huibana sikioni, hutoka mdogo mdogo mpaka uani, na huko nje ndipo mteja huisikia "Waalaykumu ssalaam" iliyochelewa kidogo lakini iliyoshiba. Ndiyo asili ya jina Kimya. Ila Mzee Zulia hakuwa mteja wake. Yeye alizoea salamu zijibiwe papo kwa papo, kama mtu anavyorudishiwa chenji dukani.

Fundi akabonyeza, akainuka atoke. Kwa furaha aliyokuwa nayo hakutazama anapokanyaga. Goti likagonga kile kibomba kinachopandisha maji kwenye tangi la choo, nacho kilikuwa kimeliwa na kutu siku nyingi. Kikakatika shingoni. Maji yakamrukia puani. Akajitupa, akaliziba tundu kwa kiganja, simu ikabaki imebanwa kati ya bega na sikio.

"Asalaam alaykum," ilisema sauti ya Mzee Zulia, nzuri, ya mtu aliyejiandaa.

Fundi akautazama mlango. Ulikuwa hatua chache tu mbele yake, lakini akiachia mkono nyumba ya watu itaogelea.

"Asalaam alaykum, mzee mwenzangu. Unanisikia?"

Maji yalikuwa yanapenya katikati ya vidole yakifanya shshsh. Kwa aliyeko upande wa pili, sauti hiyo ingeweza kuwa ya mtu anayepumua kwa dharau.

"Asalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh," mzee alisema mara ya tatu, sasa kwa mkazo. Kisha akaguna. "Haya. Nimekuelewa. Mtu akikataa posa si anasema? Kwani nimekuja kukuibia? Lakini kuninyima hata jibu la salamu, hilo sikulitegemea. Kwaheri."

Simu ikakatika. Fundi akaanza kupiga ukuta mateke. Mama mwenye nyumba akaja mbio kutoka jikoni, mwiko mkononi, akamkuta fundi wake amelowa chapachapa, ametoa macho, anatikisa kichwa kuelekea dirishani.

"Umepigwa na shoti?"

Fundi akatikisa kichwa kukataa, akaelekeza kidevu nje.

"Nyoka?"

Akatikisa tena. Akazungusha mkono uliobaki hewani kama mtu anayefunga kitu, na mama wa watu akarudi nyuma akidhani sasa fundi amechanganyikiwa. Mpaka maji yalipomfikia nyayoni ndipo akili ilipomjia, akakimbia uani kufunga koki kubwa.

*

Fundi alipotoka nje alipiga simu kabla hata hajajifuta uso. Sauti ya yule dada wa mtandao ikamwambia mteja hapatikani. Akapiga tena, dada akarudia maneno yale yale kwa upole ule ule. Akarudi ndani akamaliza kazi, akapangusa sakafu ambayo hakuajiriwa kuipangusa, akaondoka na begi lake la vifaa begani.

Nyumbani habari ilikuwa imeshamtangulia. Shangazi wa binti, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga wa upande huu, alikuwa amepigiwa na upande wa pili akaambiwa kwa maneno ya adabu sana kwamba wamepokea jibu la baba wa binti na wanashukuru. Adabu ya namna hiyo ndiyo inayotisha. Mke wa fundi alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Umemwambia nini mzee wa watu?"

"Sijamwambia kitu."

"Ndicho hicho ulichomwambia!"

Fundi akaeleza. Bomba, kutu, kiganja, salamu tatu. Alipofika kwenye nyoka, mkewe aliuma mdomo asicheke, kisha akakumbuka kuwa ana hasira.

Binti akatoka chumbani. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na miwani aliyovaa ndiyo iliyoleta maneno yote haya, kwa kuwa kijana wa Mzee Zulia, aliyempima macho kwenye duka la miwani, alimwambia arudi apimwe tena, na tena, mpaka mwenyewe akashituka kuwa macho yake hayana ugonjwa wa kiasi hicho. Sasa miwani ilikuwa na ukungu wa machozi.

"Baba, kwani humtaki?"

"Mimi? Nimefurahi mpaka nimevunja bomba la watu!"

"Amenipigia sasa hivi. Baba yake amesema hatatia mguu kwenye nyumba iliyokataa salamu yake. Amemwambia atafute kwingine." Akaivua miwani, akaifuta. "Mimi sitaki atafute kwingine."

Lilisemwa wazi, bila kona. Fundi alimpenda mtoto huyu kupita kiasi. Ndiye aliyekuwa akimshikia tochi mlangoni baba akitengeneza vyoo vya majirani, na alikuwa akimsimulia hadithi ndefu kwa kuwa anajua baba hawezi kumkatiza.

Mke wake akakaa, akaanza kupanga mambo. "Sikiliza. Tunamwambia mtandao ulikuwa mbovu."

"Nilimsikia vizuri kabisa."

"Koo lilikukauka."

"Sasa hivi limelowa?"

"Basi sema ulikuwa unaswali." Akapiga paja kwa furaha ya kupata. "Hapo pana mlango! Mtu akiwa kwenye swala hajibu salamu, hilo kila mtu analijua. Tena watakuona mcha Mungu."

"Anayeswali anapokea simu?"

"Ilijipokea yenyewe. Simu za siku hizi haziaminiki."

Fundi akamtazama mkewe. "Mama watoto, nimejizuia kutaja jina la Mungu chooni kwa kumheshimu. Leo nitoke humo chooni niingie kwenye swala ya uongo? Nitamwambia nilikuwa chooni kwa mteja, nafunga bomba."

Mke akainamisha uso. Akaanza kukunja upindo wa mtandio, akaukunjua, akaukunja tena.

"Hutaweza kumwambia hivyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hawajui kazi yako. Yule mdogo wake alipokuja na posa aliniuliza unafanya kazi gani, nikamwambia uko Maji."

"Maji gani?"

"Maji. Wao wenyewe wakaelewa ni ofisini. Mimi sikusema ofisini. Sikusema pia si ofisini."

Hilo lilimuuma fundi kuliko simu iliyokatwa. Alikaa kwenye kiti chake akaitazama mikono yake, ile gundi ya mabomba iliyoganda kwenye kucha. Mikono hiyo ndiyo iliyolipa ada na kodi, na ndiyo iliyonunua kiti alichokalia.

"Unanionea haya?" aliuliza.

"Sikuonei haya!" Mke alikuwa amechemka sasa, machozi yakimlenga. "Nilikwenda siku ile kukuletea ufunguo kwenye lile jumba la kona. Nikaona wanavyokupa maji ya kunywa. Kwenye kile kikopo kilichopasuka wanachokiweka chini ya sinki, na wewe unapokea kwa mikono miwili unasema ahsante. Nikasema mwanangu hataingia kwenye nyumba ya watu wakamtazama hivyo. Ndiyo nikasema Maji. Basi."

Fundi hakuwa na habari kwamba mkewe alikiona kikopo kile. Alitaka kukasirika lakini hasira haikupata pa kukaa. Akavaa kofia akatoka kwenda msikitini.

*

Baada ya swala ya alasiri alimsubiri shekhe amalize kuzungumza na watu, akamsogelea na kumweleza kila kitu kwa sauti ya chini. Shekhe alikuwa mtu mfupi mwenye macho ya mzaha, na alisikiliza mpaka mwisho bila kutabasamu, jambo lililomgharimu.

"Kwanza, adabu yako ni nzuri," alisema. "Mtu akiwa kwenye haja hajibu salamu, na chooni hatulitaji jina la Mungu kwa ulimi. Simu yenye Kurani ndani, ukiifunga isionekane wala isisikike, haina tabu. Yote hayo umeyashika. Ila wewe ulikuwa kwenye haja?"

"Nilikuwa kazini."

"Na neno la kawaida, la dharura, nani alikukataza? Si ungesema 'subiri'?"

Fundi akakodoa macho. "Subiri?"

"Subiri. Au 'nakuja'. Au ungemwambia yule mama 'funga koki', usimtie wazimu. Mtu akiona nyumba ya mwenzake inafurika, kusema kunakuwa wajibu, wewe unacheza na vidole!"

Hapo shekhe alishindwa, akacheka mpaka akashika nguzo. Fundi alisimama akihesabu kichwani vyoo vyote alivyowahi kunyamaza ndani yake, na vidole vyote alivyoning'iniza hewani kuomba apewe spana ndogo. Mwishowe naye akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyebeba gunia safari nzima kisha akaambiwa mkokoteni ulikuwepo.

"Sasa nifanye nini, shekhe?"

"Mzee wa watu anakudai jibu la salamu. Mpelekee mlangoni kwake. Mengine mwachie Mola."

*

Kesho yake walikwenda, mume na mke na shangazi mshenga. Fundi alivaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama peke yake. Njiani mkewe alimwambia, "Mikono ifiche kwenye mifuko," kisha baada ya hatua chache akasema, "Hapana, itoe. Itoe tu." Akamshika mmoja, jambo ambalo hakulifanya barabarani tangu walipokuwa wachumba.

Mtumishi aliwafungulia na kuwaacha wasimame barazani, hakuwakaribisha kukaa. Walisimama muda wa kutosha kuhesabu viatu vyote vilivyopangwa mlangoni. Mzee Zulia alitokea hatimaye, mrefu, ndevu nyeupe zilizochanwa, na mkewe nyuma yake, na kijana wa miwani nyuma ya mama yake akiwa amekunja uso kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Mzee alifungua mdomo, akaufunga. Ilionekana wazi kwamba hataki kusalimia mara ya nne.

Fundi akapiga hatua mbele.

"Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh," alisema kwa sauti ya kujaza baraza. Akavuta pumzi. "Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh."

Mzee akatazama kushoto na kulia. "Mimi sijakusalimu."

"Ulinisalimu jana. Mara tatu. Nimeleta majibu yako."

"Yalikuwa wapi tangu jana?"

"Chooni, mzee wangu."

Mke wa fundi akafumba macho. Shangazi akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

"Choo cha nani?" mzee akauliza, maana hata hasira ina udadisi wake.

"Cha mteja. Mimi ni fundi bomba. Nazibua vyoo, nabadilisha masinki, naunga mabomba yaliyopasuka. Uliponipigia bomba lilinikatikia mikononi. Kutoka nisingeweza, nyumba ya watu ingefurika. Kukujibu mle ndani sikuweza, salamu yako ina jina la Mungu. Nikabaki hivyo nakusikia. Kila ulipotoa salamu iliniingia kama mwiba. Na jibu la posa lilikuwa ndiyo, mzee. Lilikuwa ndiyo tangu siku ya kwanza."

Kisha mke wa Mzee Zulia akasukuma watu akaja mbele, akamkodolea fundi macho usoni.

"Subiri kwanza! Si wewe uliyezibua choo nyumbani kwa mama yangu? Yule bubu?"

"Bubu?" mzee akauliza.

"Mume wangu, si nilikuhadithia! Fundi bubu, mpole, kazi safi! Nilimuuliza mambo chungu nzima ananijibu kwa kichwa. Nikamwonea huruma, nikamlipa na sadaka juu!"

"Nilitoka nje nikakushukuru," fundi alisema, "lakini ulikuwa umeshafunga mlango. Nikashangaa mbona hesabu imezidi. Nilikuja siku ya pili kuirudisha, mama yako akasema ni ya ulemavu wangu, nikadhani anasema mgongo huu unaoniuma."

Kijana wa miwani ndiye aliyeanza, kwa kikohozi kilichogeuka kicheko. Mama yake akafuata, akajishika mbavu. Mzee Zulia alijikaza. Alijikaza sana, kwa heshima ya ndevu zake, lakini mabega yalimsaliti, yakaanza kupanda na kushuka, na mwisho kicheko kikamtoka kikubwa hata kofia ikamwangukia puani.

"Lakini ndugu yangu," alisema akifuta macho, "ungeniambia hata 'subiri'!"

"Shekhe naye kaniambia hivyo hivyo jana."

Wakacheka upya. Mzee alipotulia akamgeukia mke wa fundi. "Na mbona tuliambiwa bwana yuko Maji?"

Mwanamke yule alikuwa ameshachoka kuogopa. "Si yuko Maji? Jana yalimfika magotini!"

Hapo hata mtumishi aliyekuwa akichungulia mlangoni aliangusha ufagio. Mzee Zulia akamshika fundi mkono, ule ule wenye gundi kwenye kucha, akaushika kwa mikono yake miwili.

"Nisamehe," alisema. "Usiku kucha nilikuwa nakusema. Nilimwambia mwanangu, huyo ni mtu wa kiburi, hajui heshima ya salamu. Kumbe unaijua mpaka imetaka kutuvunjia ndoa. Nikimpata mkwe wa namna hiyo nitafute nini kingine?" Akageuka akapaza sauti kuelekea ndani. "Leteni viti! Watu wamesimama hapa kama wadai!"

Na vikombe vilipoletwa, mke wa fundi alivitazama vizuri kimoja kimoja. Vyote vilikuwa vya seti moja, na cha mumewe kilikuwa na kisahani chake.

*

Mzee Zulia hakutaka kungoja siku nyingine. Alisema mambo ya simu ameyakoma, jibu hili atalifuata kwa miguu na kulisikia kwa masikio yake. Ikawa msafara: wazee wawili mbele wakiongea kuhusu kutu, wake zao nyuma wakiongea kuhusu waume zao, na kijana wa miwani akiwa hajui atembee na nani, akaishia kubeba mkoba wa shangazi.

Walipofika, wageni walikaa sebuleni. Binti alikuwa chumbani na mlango umerudishwa, ukiacha upenyo mwembamba. Fundi alisimama pale mlangoni, akakohoa, akasema:

"Mwanangu, mzee amekuja mwenyewe. Anakuposea mwanawe. Mimi baba yako nimeridhia na mama yako ameridhia. Wewe unasemaje?"

Kila mtu pale anajua jambo hili linavyokwenda. Mwari akiulizwa hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo idhini yake, haya ikiwa imemziba mdomo. Chumbani kukawa kimya. Mke wa Mzee Zulia akaanza kutabasamu. Shangazi akaweka ulimi sawa kwa vigelegele. Mzee mwenyewe akatikisa kichwa polepole kwa kuridhika, akanyanyua mikono aombe dua.

Mlango ukafunguliwa wote. Binti akasimama pale, mtandio umekaa upande, miwani inameta, akawatazama wote mmoja mmoja, wa mwisho akiwa yule aliyempima macho.

"Nimekubali," alisema kwa nguvu, mpaka jirani akazima redio. "Nimekubali, baba. Hapa kwetu kunyamaza sasa basi!"